Shahidi Haoshwi

Kaka yangu Hamido tulimzika kijijini kwetu Quionga na damu yake, bila kumwosha. Tropa wa Jamhuri, askari wenzake, walimleta, wakasema kapigwa risasi vitani na Mreno, ambaye mpaka leo kaishikilia nchi yote ya kusini ya ghuba ya Tungue. Shahidi haoshwi, wakasema. Wakatupa bendera, mama akaitundika mlangoni. Jamhuri yenyewe changa, sarafu zake bado zinang'aa, lakini nyumba yenye bendera ile wilaya nzima ya Palma inaiheshimu.

Wiki haikuisha, bafuni kukaanza vituko. Bafu letu la makuti, halina paa. Kila baada ya alasiri tunasikia kata inagonga ndoo, maji yanamwagika. Ukichungulia, hakuna mtu. Mchanga umelowa.

"Anajiosha," mama akasema. "Maiti gani anajiosha mwenyewe, Mussagy? Mgongo ataufikia?"

Mimi napakia abiria kwa mota, pikipiki yangu. Juzi nikampakia Cassimo, tropa mwenzake Hamido. Njiani akaniambia nizime simu, halafu akaanza kulia.

"Si Mreno, bwana. Ni sisi, kwenye kizuizi chetu. Alikuwa anakuja kwenu kufuturu. Mota yake breki mbovu, akapitiliza. Mimi sijakwambia kitu. Ukisema, watakuchukua."

Nikarudi nyumbani. Kata inagonga. Mama kakaa kizingitini, chini ya bendera, hajalala siku nyingi.

"Mama, nikikwambia neno hili, bendera itashuka."

"Sema."

"Kapigwa na wenzake. Kizuizini."

Hakulia. "Kumbe wamemnyima maji mwanangu ili wafiche aibu yao." Akainuka. "Kachume majani ya mkunazi. Kafuri iko kabatini. Utamwosha wewe, nduguyo."

"Mama, mle hamna mtu!"

"Mbona unaogopa, basi?"

Nikaingia. Nikapiga bismillahi, nikamimina kuanzia kulia. Maji hayakuanguka chini. Yaligawanyika hewani, kama yamekuta bega, yakateremka taratibu. Nikamsugua. Baridi! Nilipofika mgongoni, kidole kikazama kwenye tundu.

"Mama! Lete kitu cha kumkaushia!"

Akanirushia juu ya makuti. Bendera.

Tangu jana kata imenyamaza, na mama kalala mpaka jua kali. Mlango wetu mtupu. Asubuhi hii tropa wawili wamepita, wakautazama. Mbele kidogo wakasimama, wakageuka.