Mota katika Gari la Daktari wa Meno

Fundi Sikio alikuwa na gereji ya milango miwili na jina kubwa kuliko gereji yenyewe. Watu walileta magari kutoka miji mingine, tena si yatengenezwe, yasikilizwe tu. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasema, "Vali ya tatu," au, "Beringi ya pampu ya maji, wiki mbili." Wiki mbili zikipita, beringi inakufa. Kwa ajili hiyo wateja wengi hawakujua hata jina alilopewa na mama yake.

Sasa mwenye sikio hilo alikuwa hasikii. Ilianza miaka minne nyuma. Zilitangulia kupotea sauti nyembamba: kengele ya baiskeli, birika likichemka, vali. Zikafuata sauti za watu wanaoongea taratibu. Hakumwambia mtu. Mkewe alipomsemesha asijibiwe, aliona ni kiburi cha uzeeni, akawa anafunga maneno kwa kusema, "Sikio la kufa halisikii dawa," na hilo nalo mumewe hakulisikia. Mwenyewe alikuwa radhi kuonekana ana kiburi. Fundi mwenye kiburi bado ni fundi, lakini Fundi Sikio asiyesikia ni mzee mmoja mwenye ovaroli chafu, na wazee wa namna hiyo mji ulikuwa nao wa kutosha.

Akajitafutia njia. Bisibisi aliendelea kuiweka sikioni ili wateja waridhike, ila kazi yote ilifanywa na kiganja cha kushoto, kilicholala juu ya injini kana kwamba kinapumzika. Injini hutetemeka, na kiganja chake kilijua kila mtetemo na maana yake. Kwa binadamu ilibidi atumie mbinu nyingine. Wenye sauti kubwa aliwasikia, waliomtazama usoni aliwasoma midomo, na waliobaki aliwajibu, "Ndiyo, ndiyo," akawapiga bega. Ajabu ni jinsi mtu anavyoweza kuishi kwa ndiyo mbili. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba amekubaliwa.

Aliyemshinda ni mkwewe. Huyu alikuwa fundi wa lifti, mume wa binti yake wa pekee, na alikuwa amelelewa vizuri kupita kiasi. Mbele ya baba mkwe hakuinua macho wala sauti. Alizungumza na vifungo vya shati lake mwenyewe. Ndoa ilikuwa imefika mwaka wa tatu, mjukuu ameshaanza kutembea, na Fundi Sikio alikuwa hajapata kutoka kwa mkwewe sentensi moja iliyokamilika. Alimhesabu kuwa mtu mwema asiye na mengi ya kusema, akampenda hivyo hivyo.

Ndipo akaja daktari wa meno na gari lake la michezo, jekundu, la viti viwili, la chini kiasi kwamba kutoka ndani yake kulikuwa kama kuinuka mkekani.

"Linawaza!" alisema daktari. Alikuwa na desturi ya kusema kwa sauti, uso kwa uso, kwa sababu kazini alizoea kuongea na watu wenye hofu. Fundi Sikio alimpenda sana kwa hilo. "Nakanyaga mafuta, linakaa linawaza, halafu linaruka kama limeumwa na nyuki. Wenzangu wananipita konani wakinipungia mkono."

Ugonjwa huo ulijulikana. Turbo yake, ile feni inayoisukumia injini hewa, ilikuwa kubwa, na mpaka ijae upepo, dereva ana nafasi ya kujutia maisha yake. Daktari alikuwa amesikia kwamba siku hizi watu wanaiongezea injini mota ya umeme: mota inasukuma papo hapo, injini ikishaamka inapokea. Alitaka hiyo. Na alikuwa na marafiki watano wenye magari ya aina ile ile, wote wakisubiri waone lake litatoka vipi.

"Injini inayotaka msaidizi inataka fundi," alisema Fundi Sikio. Lakini mkwewe alikuwa likizoni, mota anazijua kama vidole vyake, na mama mkwe wake alishasema kijana apewe nafasi. Kazi ikaanza.

Ilichukua wiki tatu. Walitenganisha injini na giaboksi, wakaingiza katikati mota nyembamba, ya duara, yenye upana wa sinia, pamoja na klachi yake ndogo ili iweze kulivuta gari hata peke yake. Betri ililala nyuma ya viti. Waya nene za rangi ya chungwa zilipita chini ya sakafu, na kila mkwe alipozigusa alivaa glavu za mpira zilizomfika viwiko. Mshale wa dashibodi unaoonyesha mizunguko ulitolewa kwenye injini ukafungwa kwenye mota. Fundi Sikio mwenyewe ndiye aliyeweka sheria ya usalama: umeme ukishikwa, petroli inakatwa. Fyuzi ya pampu ya mafuta inatolewa, inakaa mfukoni mwa aliyeitoa, na hairudi mpaka aulizwe mkubwa.

Chini ya gari wale wawili walielewana kwa mikono. Mmoja akinyoosha kiganja, mwenzake anaweka spana, na ilikuwa ndiyo yenyewe. Mara kwa mara mkwe alikuwa akitaja jambo hivi na hivi, macho kwenye nati, naye Fundi Sikio anajibu, "Ndiyo, ndiyo," anampiga bega. Alikuwa na furaha. Alikuwa hajafanya kazi tamu hivyo kwa miaka.

Siku ya kulijaribu, daktari alifika asubuhi na viatu vipya. Fundi Sikio akakaa kwenye usukani. Mkwe akainama dirishani, akaviambia vifungo vyake jambo fulani, la urefu wa pumzi moja hivi.

"Ndiyo, ndiyo," alisema Fundi Sikio, akampiga bega, wakaondoka.

Gari halikuwaza. Liliguswa likaenda. Walipita soko, wakapita shule, wakashika barabara ya mlimani, na kwenye kila kona lilitoka kabla daktari hajamaliza kushika mlango. Fundi Sikio aliweka kiganja kwenye gia. Mtetemo ulikuwa haba, laini, kama mtoto aliyelala. Mshale wa mizunguko ulipanda na kushuka inavyotakiwa. Moyo ulimjaa. Hii ni kazi ya mkwe wangu, alijisemea, mota imetuliza injini mpaka imekuwa na adabu kama yeye.

"Sikiliza!" alimwambia daktari. "Inaimba!"

Daktari alisikiliza. Alisikia matairi na upepo. Lakini yeye alikuwa mtu wa meno, na hapa alikuwa amekaa na Fundi Sikio.

"Kweli," alisema. "Inaimba kwa chini chini."

"Hiyo ni silinda ya nne. Ilikuwa na kikohozi. Sasa sikia."

"Nasikia!" alisema daktari, na alikuwa ameanza kusikia kweli.

Kwenye kona ya saba gari lilipunguza mwendo kistaarabu, likasimama. Fundi Sikio alizungusha ufunguo mara mbili tatu. Akashuka, akafungua boneti, akaweka bisibisi sikioni kwa ajili ya daktari na kiganja juu ya injini kwa ajili yake mwenyewe.

Injini ilikuwa baridi. Si baridi ya gari lililosimama dakika moja, baridi ya tangu jana. Wamepanda kona saba na chuma kile hakikuwa kimewaka hata mara moja. Betri ndiyo iliyowapandisha mpaka ikakauka, naye amesifu njia nzima injini iliyolala. Alibaki ameinama pale, mpini sikioni, macho amefumba, kwa sababu hakujua atafanya nini akiyafumbua.

"Inasemaje?" aliuliza daktari.

"Mpigie simu mkwe wangu," alisema Fundi Sikio.

Mkwe alifika na pikipiki, kompyuta mgongoni. Akaichomeka kwenye gari, akasoma, akaingiza mkono mfukoni, akatoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Aliitazama kidogo. Kisha akaanza kuviambia vifungo vyake maneno, na Fundi Sikio akaona uso wa daktari ukibadilika.

"Anasema kosa ni lake!" daktari alimgeukia Fundi Sikio, uso kwa uso, kila neno wazi. "Fyuzi ilikuwa mfukoni kwake, akasahau kukuambia. Anasahau petroli! Kesho atasahau umeme, nikaangwe na kiti changu! Mzee, kazi yako naiamini, lakini huyu asiliguse tena gari langu. Na wenzangu nitawaambia."

Fundi Sikio alimtazama mkwewe. Alikumbuka ule mwinamo wa dirishani, maneno ya pumzi moja, na bega alilolipiga. Mtu huyu hakusahau kitu. Aliuliza kama airudishe fyuzi, akajibiwa ndiyo na gari likaondoka, na sasa amesimama juani anameza fedheha isiyo yake ili baba mkwe asiaibike mbele ya mteja. Ilitosha kunyamaza. Hata ndiyo moja ilitosha, na jina la Fundi Sikio lingeshuka mlima salama. Alijionea aibu kwamba alilifikiria hilo kwa muda mrefu kiasi kile.

"Aliniambia," alisema.

"Alikuambia?"

"Aliniambia, mimi sikusikia. Sisikii, daktari. Huu mwaka wa nne. Hiyo injini sikuisikia inaimba, maana haikuwaka."

Daktari alifungua mdomo kama mgonjwa wake. "Lakini mimi niliisikia," alisema.

Akagusa injini kwa kidole.

"Sikuisikia," alisema daktari, akaenda kuangalia mandhari.

Fundi Sikio akaiweka bisibisi juu ya injini. "Na wewe mwanangu, heshima yako nimeiona. Sasa inua uso. Ukiongea na shati, linalosikia ni shati."

Mkwe alisita. Halafu akainua uso, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. Alikuwa na macho makubwa, yenye wasiwasi.

"Miaka minne, baba?" aliuliza kwa sauti.

"Minne."

Mkwe alikuwa akihesabu jambo kichwani. Alilihesabu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata lile la kuhama hukulisikia?"

"Kuhama nani?"

"Sisi. Mimi, binti yako na mtoto. Nimepata kazi ya lifti nchi nyingine, mkataba wa miaka mitano. Nilikuja kukuomba ruhusa wiki ya kwanza ya hii kazi, tukiwa chini ya gari. Ukasema ndiyo, ndiyo, ukanipiga bega." Aliizungusha fyuzi kiganjani. "Mwenzangu alilia usiku kucha. Alisema, baba hakuuliza hata tunaenda wapi. Mama alisema tukuache, ndivyo ulivyo siku hizi. Tiketi ni za Jumamosi."

Fundi Sikio aliweka mkono kwenye ukingo wa boneti.

"Sema tena," alisema. "Polepole."

Mkwe akasema tena, uso ameuinua, neno baada ya neno: nchi, miaka, Jumamosi. Kisha akauliza kile alichokuja kuuliza mara ya kwanza.

"Baba, unaturuhusu?"

Fundi Sikio alilisikia swali lote, tangu mwanzo hadi mwisho, na badala ya ndiyo mbili akauliza, "Mnaenda wapi?"