Mafundi wa Ngambo ya Mpaka

Mwaka wa 1956, kule Muheto, Mama Emérence alijenga garaji ya kamio lake, lori la kubebea maharagi, mpakani kabisa mwa shamba lake, pale mlima unapoteremka kwenye zizi la jirani yake, Karekezi. Upande wa chini alisimamisha ukuta wa mawe, nyuma yake akajaza udongo. Vibarua waliushindilia kwa magogo mpaka wakachoka. Mvua ikinyesha, unalegea tena kama uji.

Asubuhi moja alikuta ng'ombe wa Karekezi wamevunja ua wa miyenzi na kukanyagakanyaga ule udongo wa fondasio usiku kucha. Akatoka na fimbo, mdomo ukitangulia miguu.

"Papa Karekezi! Ngombe zako hazina adabu, sawa na mwenyewe!"

Kwa hasira akaichoma fimbo ardhini, pale walipokanyaga. Ikavunjika. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe.

Karekezi akafika mbio. "Mama, unisamehe, ninaziondosha sasa hivi."

"Uziondoshe ziende wapi? Leta na zile zingine zote!"

Masika yalipokwisha, kamio liliingia garajini na mzigo wake wote, vigelegele vikilisindikiza, na gurudumu halikudidimia hata kidogo. Wageni kutoka Sake wakauliza fundi ni nani.

Emérence akanyosha kidole ngambo ya miyenzi, kwenye zizi lililojaa majani ya maharagi yake.

"Mafundi njo wale. Bado wanatafuna mushahara."