Antena ya Ruashi

Antena mbili zilionana vizuri: moja juu ya paa la kituo cha afya cha Ruashi, nyingine kwenye maabara ya Kamalondo. Lakini kila mara Ngalula, fundi wa mitandao, alipojaribu kufungua VPN, ile njia ya siri ambamo majibu ya damu yangepita bila mtu mwingine kuyasoma, redio ya Ruashi, kile kisanduku kinachoendesha antena, iliikataa maabara kama mgeni asiyejulikana.

Barazani wanawake walikuwa wakingoja majibu yao. Mama Adolphine, muuguzi mkuu, akaingia amekunja uso.

"Ngalula, mwanangu, fungula tu bila ile sécurité. Bantu banachoka."

"Mama, nikifungula vile, kila mwenye antena atajua nani iko na ugonjwa gani. Kesho batamucheka ku soko."

Adolphine alimjua mama aliyefukuzwa na wakwe zake kwa sababu jibu lake, lililosomwa kwa simu, lilifika mtaani kabla yake mwenyewe. Ndiyo maana aliomba mtambo huu. Ukishindikana leo, maabara wangerudia simu ileile.

Ngalula akasoma upya maneno ya redio: cheti cha maabara, kile kitambulisho chake cha kidijitali, bado hakijaanza kutumika. Vipi tena? Alikuwa amekitoa Kamalondo muda mfupi tu uliopita, akapanda pikipiki moja kwa moja. Akatazama saa ya redio. Ilikuwa nyuma kwa saa nzima.

"Nani aliweka hii saa?"

"Ni miye," akajibu Doudou, karani wa kituo, kwa fahari. Kila siku alituma ripoti kwa wakubwa Kinshasa, na ili asichanganye saa, hata ile yake ya mkononi ilifuata ya kule, iliyo nyuma ya Ruashi kwa saa moja.

"Doudou! Mwili iko Ruashi, saa iko Kinshasa?"

"Njo maana anachelewaka ku misa!" Adolphine akaangua kicheko.

"Kwa saa yako, hii cheti haiyazaliwa," Ngalula akasema.

"Basi tungoye, itazaliwa!"

"Na kila jibu ibebe saa ya bongo, saa ya kudanganya? Hapana, papa."

Akairekebisha saa, akaanzisha VPN upya. Safari hii maabara na kituo vikatambuana. Jibu la kwanza likatokea kwenye kioo cha kompyuta.

Ngalula akainuka, akageuka upande wa dirisha. Kazi yake iliishia hapo. Adolphine akalisoma peke yake, akatabasamu, kisha akatoka barazani na kumwinamia mama mmoja sikioni.

"Kuya, tuingie ndani, tufunge mlango."