Mwaka Haverkamp Alipofika kwa Barabara

Mzee Virgil Haverkamp hakuwa mtu wa kusifu. Fahali wake aliposhinda kwenye maonyesho ya wilaya alisema, "Si haba," na majirani zake pale Nebraska wakaona mzee siku hiyo kapitiliza. Kwa hiyo binti yake Marlys alipopata leseni ya urubani, tena akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na baba yake akauliza tu kama mafuta ya ndege yamepanda bei, Marlys hakushangaa. Aliumia, lakini hakushangaa.

Mwaka huohuo daktari alimkataza mzee kurusha ndege kwa sababu ya moyo. Ikafika Juni, na Juni ni mwezi wa chapati za maji za mji wa Wexler. Marubani wa kujifurahisha wa pande zote hutua siku hiyo kwenye uwanja wa nyasi katikati ya mahindi, wakala chapati na soseji, wakadanganyana kuhusu upepo waliopambana nao njiani. Virgil, aliyemaliza ujana wake akinyunyizia mashamba dawa kwa ndege, hakuwahi kukosa, na hakuwahi kufika kwa njia nyingine ila ya angani. Safari hii ilibidi apelekwe, na wa kumpeleka alikuwa Marlys. Mwanamke yule alilitaka jambo hilo kuliko alivyoitaka leseni yenyewe: baba yake akae kiti cha pembeni, afike salama, na aone kwamba amezaa rubani.

"Unaikagua hiyo ndege utafikiri unataka kuolewa nayo," mzee alimwambia asubuhi ile.

Marlys alikuwa amekinga mafuta kidogo ya tangi la bawa kwenye kikombe cha kioo na kukiinua juani, aone kama yameingia maji. Maji kidogo tu huzima injini bila kuomba ruhusa, na huko juu hakuna pa kuegesha. Alimwaga, akakinga tena upande wa pili.

"Baba, nisikilize. Tukifika daraja la mto, nisipoyaona maghala ya nafaka ya pale Kettler, tunarudi. Nakwambia sasa hivi tukiwa chini."

"Haya, mwalimu."

"Sitaki tukabishane juu."

"Si nimesema haya? Panda bwana, watu wanakula!"

Walipaa vizuri. Mashamba yalikuwa mabichi, mzee alikuwa akipiga mluzi, na Marlys alianza kuamini kwamba siku itakuwa yake. Lakini mawingu yalizidi kushuka, naye akazidi kushuka ili abaki chini yake. Walipofika darajani, mbele kulikuwa na kijivu kitupu. Mlingoti wa redio wa Kettler ulionekana nusu. Nusu ya juu ilikuwa imemezwa. Maghala hayakuonekana kabisa.

"Shuka kidogo, ufuate barabara," alisema Virgil. "Nimepita humu maisha yangu yote."

"Siyaoni maghala, Baba."

"Maghala hayajahama! Yapo palepale tangu enzi za babu yako!"

Marubani wa huko wana ugonjwa wao, wanauita homa ya kufika. Humshika mtu akiwa karibu na aendako, akamwona anayemngoja kwa uwazi kuliko anavyoliona wingu lililo mbele ya pua yake. Umeua watu wazuri, wenye ujuzi, tena wengi wao wakiwa wamebakiza dakika chache tu. Marlys aliujua kwa kusoma. Sasa aliusikia ukimpanda yeye mwenyewe, kwa sababu baba yake alikuwa pembeni, na kumridhisha baba yake kulikuwa mbele tu, nyuma ya ule ukungu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mzee alifoka, na mkono wake ukaenda kwenye usukani wa upande wake.

"Mkuu wa ndege hii ni mimi. Toa mkono, Baba."

Hakuwa amewahi kumwambia baba yake neno kama hilo tangu azaliwe. Mzee aliutoa mkono. Marlys alitazama kushoto, akageuza ndege taratibu, macho yake yakikilinda kimo chake kisipungue, mpaka daraja likarudi mbele yao na nyuma yake anga jeupe.

Walitua nyumbani. Virgil alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu.

"Endesha basi," alisema. "Labda watatubakizia sharubati."

Walipofika Kettler mawingu yalikuwa yametawanyika, jua linawaka, na ndege ndogo ya manjano ilipita juu yao ikielekea Wexler bila shida yoyote. Mzee aliifuata kwa macho mpaka ikapotea. Marlys alijua kwamba hakukosea. Alijivunia, na alikasirika kwamba hana wa kujivunia naye.

Pale Wexler wa kwanza kuwaona alikuwa Delbert Stang, rafiki wa mzee tangu enzi za kunyunyizia dawa.

"Jamani, njooni mwone! Haverkamp kaja kwa barabara kama muuza mayai!"

Vicheko vilipasuka. Wexler wana desturi yao: rubani akifika kwa gari huvishwa aproni ya maua na kupelekwa kuosha vikaangio mbele ya watu. Aliyeianzisha ni Virgil mwenyewe, naye amewavisha wengi bila huruma.

"Mawingu yalikuwa chini Kettler," alisema Marlys. "Ni mimi niliyegeuza."

"Yalikuwa chini, ndiyo, lakini nilipita," Delbert alijibu. "Nusu saa tu kabla hayajapanda. Njia ilikuwepo, mama, kwa anayeijua." Kisha akamshika mzee bega. "Sikia, ndugu yangu. Panda na mimi, tuzunguke mara moja, tushuke hapa mbele ya watu wote. Tutaandika umekuja kwa ndege, na aproni tutampa binti. Ndiye aliyeogopa."

Marlys alimtazama baba yake akiitazama ndege ya Delbert. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa njaa isiyofichika, na binti akajua kwamba mzee akipanda ile, hatakaa tena kwenye ndege ya bintiye.

"Delbert," mzee alisema, "tuliokuwa tukipita chini ya mawingu ya Kettler tulikuwa wengi. Nitajie waliobaki."

Delbert aliangalia kahawa yake.

"Nitajie."

"Mimi na wewe."

"Basi. Lete hiyo aproni."

"Baba, hiyo ni yangu," Marlys alisema.

"Wewe kaa ule, umefanya kazi." Aliivaa yeye, ile ya maua, lakini mikono yake haikufika tena nyuma kwenye kamba. Akamgeuzia binti yake mgongo. "Nifunge." Na alipokuwa akifungwa, alisema chini chini, asisikike na mtu mwingine: "Pale darajani mimi nisingegeuza. Sikuwahi kuweza."

Vidole vya Marlys vilikosea fundo, akalianza upya.

"Kwa hiyo mwaka huu huruki kabisa?" Delbert aliuliza, hajakata tamaa.

"Nitaruka Jumamosi, kukiwa kweupe," Virgil alijibu, na sasa sauti ilifika mpaka kwenye ndege za mwisho mwisho. "Rubani wangu yule pale, anakula chapati. Akisema tunakwenda, tunakwenda. Akisema tunarudi, mimi narudi, na mwenye neno aje aniambie nikiwa hapa kwenye sinki."