Mama Josepha Kwenye Barabara ya Roma

Mama Josepha hakunizaa. Alinichukua nikiwa mchanga, mama yangu alipofariki kwa uzazi hapa Isevya, Tabora, akanilea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa ulezi mpaka nikawa mkunga wa zahanati ya misheni. Yeye mwenyewe hakuwa na ndugu Tabora. Watu walijua tu kwamba alikuja utotoni na msafara wa watumwa kutoka Manyema, kwamba mapadre walimkomboa njiani, na kwamba hapendi kuulizwa habari hizo. Mimi nilimuuliza mara moja nikiwa msichana. Aliendelea kupepeta mpunga, nikajua sijajibiwa na sitajibiwa.

Mwaka 1950 ulikuwa Mwaka Mtakatifu, na misheni ilipata nafasi chache za kupeleka mahujaji Roma. Mama alichaguliwa kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wabatizwa wa zamani kabisa waliobaki hai. Mimi niliruhusiwa kufuatana naye, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia na goti moja lilimsumbua.

Aliyetuandaa alikuwa Padre Gaspare, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe, mzaliwa wa Roma hasa. Alikuwa ameishi Unyamwezi muda mrefu kiasi kwamba alipokasirika aligombeza kwa Kinyamwezi. Alituketisha barazani kwake akaanza kutufundisha mji wake.

"Flavia," aliniambia, "viatu ulivyonunua juzi viache hapa. Vaeni vilivyokwisha kuzoea miguu yenu, kwa sababu Roma yote ni mawe. Mabega yafunikeni, la sivyo mlangoni mwa kanisa mtarudishwa. Fedha isikae mfukoni, ikae kifuani. Basi la kwenda kwa Mtakatifu Petro lina wezi wanaosali rozari."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Maji msinunue," Padre akaendelea. "Barabarani kuna mabomba ya chuma yanayotoka maji mchana na usiku. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kwenye kitundu, unywe bila kuinama. Chakula msile mbele ya makanisa makubwa. Ingieni vichochoroni, mtafute wanapokula mafundi na wachukuzi. Na magari ya Roma hayamsubiri mtu. Mkitaka kuvuka, ngojeni masista, mkiona wanavuka mvuke nao."

"Madereva wanawaogopa masista?" niliuliza.

"Hakuna dereva Roma anayetaka kumgonga sista."

Kisha akasema jambo alilolirudia kila tulipokutana: tusitake kuona kila kitu. Tuchague kitu kimoja kwa siku, tukae nacho.

Mama akauliza, "Padre, na mtu akishindwa kutembea huko, anaachwa?"

Padre Gaspare alimtazama. "Hapana, Mama. Haachwi mtu."

Nilidhani anawaza goti lake.

Tulipanda treni Tabora alfajiri. Stesheni ya Tura watu walikuja dirishani kutuuzia mayai na karanga, na Mama akawaambia wote, mmoja mmoja, kwamba anakwenda Roma. Dar es Salaam tukaingia melini. Bahari ilinitapisha mpaka nikatamani kufa, lakini Mama alikaa juu sitahani na shali yake, akiyatazama maji kwa heshima, wala hakuugua hata kidogo. Italia tukashuka, tukapanda treni nyingine, na jioni moja yenye mwanga wa rangi ya asali tukaingia Roma.

Mji ule siwezi kuueleza wote. Nilikuwa nimezoea kwamba kitu cha zamani ni boma la Wajerumani. Huko ukuta ambao watu wamefungia punda ulikuwa umejengwa kabla Bwana Yesu hajazaliwa, na mwenye punda alikuwa ameketi chini yake akila kitunguu. Kila tulipokata kona kulikuwa na kitu cha kunyamazisha mtu. Maji yalikuwa kama Padre alivyosema. Mama alipoziba bomba kwa kidole na maji yakaruka, alirudi nyuma, akacheka, akaziba tena. Watu waliokuwa na ndoo walimngoja amalize kushangaa.

Mawaidha mengine nayo yalitufaa. Tulivuka barabara nyuma ya masista mara nyingi, mara moja bila kujua wanakokwenda, tukajikuta kwenye bustani ya hospitali. Tulikula maharage na mkate kwenye kichochoro, pamoja na waashi waliojaa vumbi la chokaa. Mmoja wao alimpa Mama kiti chake, akala amesimama.

Kanisa la Mtakatifu Petro tuliingia kupitia Mlango Mtakatifu, tumesongamana na watu wa lugha zote. Ndani nilisahau kupiga magoti. Nilidhani wale malaika wa mawe waliobeba bakuli la maji ya baraka ni wadogo kama watoto, mpaka nilipowakaribia nikakuta wamenizidi. Juu kabisa kwenye kuba mwanga uliingia ukishuka taratibu, na sauti za maelfu ya watu zilipanda zikapotea. Mama hakutazama juu. Alikwenda kwenye sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro, ambayo mahujaji huibusu mguu. Vidole vya mguu ule vimelika mpaka vimekuwa kitu kimoja laini.

"Nani amevikata?" aliuliza.

"Havikukatwa, Mama. Ni midomo ya watu na mikono yao."

Aliugusa mguu ule kwa kiganja, akauacha mkono wake pale mpaka mlinzi akatuashiria tuwapishe wengine.

Padre aliyetupokea Roma, Padre Anselmo, aliwahi kufanya kazi Ujiji, kwa hiyo tulizungumza naye kwa Kiswahili. Ndiye aliyetupeleka nje ya mji, kwenye makaburi ya Wakristo wa kale yaliyochimbwa chini ya ardhi. Barabara ya kwenda huko ni ya mawe makubwa meusi, yamelazwa moja kando ya jingine, na katikati yana mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu. Kando kuna miti mirefu na makaburi yaliyobomoka. Barabara imenyooka mpaka macho yanapoishia.

Mama alisimama.

"Hii ni njia ya nani?"

"Ya Warumi wa kale, Mama," Padre Anselmo alijibu. " Ina miaka zaidi ya elfu mbili."

"Kilipita nini?"

"Majeshi. Misafara ya biashara kutoka bandarini. Na mateka waliokuja kuuzwa mjini."

"Watumwa?"

"Watumwa, Mama. Wengi mno."

Aliketi kwenye jiwe, akavua viatu, akaweka mguu wake mtupu ndani ya ule mfereji wa gurudumu. Nilidhani goti limemshinda, nikainama kumshika. Alinizuia.

"Yetu haikuwa na mawe," alisema. "Ilikuwa udongo. Lakini ilinyooka hivi hivi."

Ndipo aliponisimulia, pale barabarani, huku mahujaji wengine wakitupita. Mama yake alikuwa amefungwa shingoni pamoja na wanawake wengine, amebeba mzigo kichwani na ndugu yake mdogo mgongoni. Yeye Josepha alitembea kando ameshika nguo ya mama yake. Walipokaribia mto Malagarasi mama yake akaanguka. Wenye msafara walimfungua, wakampa mzigo mtu mwingine, wakamwacha na yule mtoto mchanga kando ya njia. Mtu mmoja akamshika Josepha mkono akamvuta.

"Aliniita. Nikavutwa tukaenda. Nilisikia ananiita mpaka tulipofika kwenye mitumbwi."

Nilikaa chini karibu naye. Nilikuwa nimeishi naye maisha yangu yote. Padre Anselmo alivua kofia, akasimama akiangalia upande mwingine.

"Padre," Mama akasema, "wale mateka walizikwa wapi?"

"Hatujui, Mama."

Tulishuka makaburini tumeshika mishumaa. Ni njia nyembamba zisizoisha, na kuta zake zote zimechongwa vitanda vya wafu, kimoja juu ya kingine, kama masanduku ya nyuki yaliyopangwa. Hewa ilikuwa baridi na ilinuka udongo. Vitanda vingi vilikuwa vifupi kama mkono wangu. Mimi ni mkunga, sikuhitaji kuambiwa ni vya nani.

"Majina yao?" Mama aliuliza.

"Wachache waliandikwa. Wengi hawana."

"Na watu wanatoka duniani kote kuja kuwapigia magoti."

"Ndiyo, Mama."

Alipiga magoti mbele ya kitanda kimoja kifupi kisicho na jina. Goti lake bovu lilikuwa juu ya udongo mtupu, na sikuthubutu kumwekea shali. Nilihisi juu yetu uzito wa ile barabara na wote waliopita juu yake. Kundi lingine lilikuja nyuma yetu, likatukuta, likanyamaza, likangoja.

Tuliporudi Tabora, nyumba yetu ilijaa watu. Wanawake walitaka kujua kama tulimwona Baba Mtakatifu, na kama kweli dhahabu imepakwa darini. Lakini Katarina, mke wa mwalimu, ambaye alitazamia kwenda na kundi la baadaye, aliuliza la maana.

"Shikamoo, Mama. Tuambie tufanye nini tukifika."

"Marahaba. Viatu vya zamani," alisema Mama Josepha. "Fedha kifuani. Masista wakivuka, vukeni. Mkifika kwenye ile barabara ya mawe nje ya mji, msipande gari. Tembeeni. Na mvue viatu, hata kwa hatua chache."

"Kwa nini, Mama?"

"Utajua ukiisha kuvua."

Mvua zilipokwisha aliniambia anataka kupanda treni ya magharibi. Sikumuuliza inakoishia. Tulishuka stesheni ya Malagarasi, tukatembea mpaka mtoni tukipumzika mara kwa mara. Mto ulikuwa umejaa, mpana, rangi ya chai ya maziwa, na upande wa pili matete yalikuwa yakiyumba. Njia ya zamani haikuonekana. Tulimuuliza mvuvi, akasema wazee walivuka hapo, au juu zaidi, hajui.

"Panatosha hapa," Mama alisema.

Aliingia majini mpaka vifundoni. Akaita ng'ambo kwa sauti kubwa, kwa lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, si sauti ya bibi. Ndege wakaruka kutoka kwenye matete. Aliita tena, akasimama akisikiliza maji.

Alipotoka nilimfuta miguu kwa khanga yangu, nikamuuliza amesema nini.

"Sina hakika," alisema. "Ni maneno ya mtoto. Mengine huenda nimeyakosea."

Nikamvisha viatu, tukaanza kurudi stesheni polepole, yeye amenishika bega.