Kola Zilizofumuliwa

Mama Chaki hakuwa mtu wa kushtushwa na maneno. Miaka thelathini ya kushona makoti ilikuwa imemfundisha kwamba mteja akinenepa husema kitambaa kimerudi, na akikonda husema fundi hajui kupima. Lakini asubuhi ile binti yake alipomsomea yaliyoandikwa kwenye simu, kile kipande cha chaki kilichokaa nyuma ya sikio lake siku zote kilianguka, naye hakuinama kukiokota.

Maneno yalikuwa ya Mashoto. Msichana huyo, aliyepewa jina hilo kwa kushona kwa mkono wa kushoto, alifanya kazi kwake miaka saba, akaondoka bila kuaga, na sasa alikuwa na duka lake katika mji wa jirani. Mtu alimwuliza mtandaoni nani kamfundisha kazi. Akajibu: “Nilikuwa kwa mama mmoja mwenye sifa zake. Kila koti nililoshona alifumua kola, akaishona upya. Miaka saba. Hakuniambia hata siku moja kosa langu ni lipi.”

Na watu, unawajua watu. Kufika saa nne walikuwa wameshatia chumvi mpaka mchuzi haunyweki.

“Mama, lazima ujibu,” binti alisema. “Wateja wanasoma. Tuseme alikuwa mvivu.”

“Hakuwa mvivu.”

“Basi alikuwa na kiburi.”

“Kiburi angekitoa wapi, na miaka yote hiyo amekaa kwenye kigoda?”

Kigoda chenyewe kilikuwa palepale chini ya dirisha. Katika duka lile mwanafunzi alikaa chini, kushoto kwa fundi, ili aione mikono ikifanya kazi. Tangu Mashoto aondoke, mwaka wa nne huu, hakuna aliyekikalia. Mteja akikikaribia, Mama Chaki alisema mguu mmoja umelegea, akamvutia kiti kingine. Uongo mtupu. Mguu wa kigoda ulikuwa mzima kuliko wake mwenyewe. Ukweli ni kwamba alimkumbuka yule msichana: alivyokata uzi kwa meno huku akijua amekatazwa, alivyochekacheka peke yake. Mara nyingine alinyoosha mkono kushoto kupokea mkasi, mkono ukabaki hewani.

Binti alikuwa ameshaandika jibu kali, lenye shukrani ya punda ndani yake. Akalisoma kwa fahari.

“Futa,” mama yake alisema. “Andika ninavyosema mimi.”

Akaanza kusema polepole, macho kwenye kigoda. Katikati ya maneno binti aliweka simu chini.

“Mama, hili siliandiki. Watasema hujui kazi.”

“Andika, mwanangu.”

Likaenda hivi: “Mashoto, mwanangu. Mwaka wa kwanza nilifumua kwa sababu kola zako zilisimama kama masikio ya mbuzi. Kuanzia wa tatu hazikuwa na kosa. Zilikaa shingoni kuliko zangu. Nilifumua ili nione umefanyaje, kama tunavyofanya mafundi tukikutana na mshono wa mwenzetu. Sikuona kitu. Nilijaribu hata mkono wa kushoto, nikajidunga vidole vyote. Niliona haya kumwuliza mwanafunzi wangu. Ulipoondoka ningekuita, ila ningekuambia nini? Mpaka leo sijui kola zile ulizishonaje. Nimekukumbuka.”

Wiki nzima ikapita. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akasema afadhali ampelekee anayejua. Mama Chaki alimkunjia vizuri, akampa. Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba kila simu ilipolia ilikuwa ya mtu mwingine.

Siku ya tisa kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na koti jeusi, kola yake nusu imeshonwa, nusu iko wazi, na sindano yenye uzi imechomekwa pale mkono ulipoishia. Mama Chaki alilipeleka dirishani, akaligeuza, akalichungulia kwa miwani na bila miwani. Ile nusu iliyoshonwa ilikaa kama imezaliwa na koti. Alichukua kisu cha kufumulia. Ndipo binti alipoona karatasi mfukoni, akamsomea.

“Mama, usifumue. Hii haionekani ikishashonwa. Inaonekana ikishonwa.”

Mama Chaki alirudisha kisu mezani. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akalikunja koti na sindano yake humohumo.

“Funga duka,” alisema.

“Leo? Wateja je?”

“Waambie fundi ameenda kujifunza kazi.”

Akainama chini ya dirisha, akachukua kigoda, akakitia kwapani na kutoka nacho.