Kando ya Yule Niliyemwangusha

Usiku wa jana niliota niko kwenye mechi ya netiboli ya sharika za kanisa, ile ambayo nilikuwa nimeshaamua kutokwenda. Kabla ya kulala nilimwagiza mdogo wangu Bupe asubuhi akamwambie mwalimu wa timu kwamba tumbo linaniuma. Halikuwa linauma. Mimi ni mfungaji, na kila nikidaka mpira mbele za watu, miguu yangu husahau kanuni ya kutotembea nao.

Refa alikuwa filimbi. Hakukuwa na mtu nyuma yake. Ilining'inia hewani na kamba yake, imetulia, kama filimbi iliyolelewa kanisani.

Nadaka mpira. Miguu inaanza kutembea.

"Simameni," naiambia.

"Tumeshatoka, dada," unasema mguu wa kushoto. "Ungesema mapema."

Tukatoka uwanjani. Tukapita mashamba ya chai, tukapita soko la ndizi. Watu wakanisalimia nami nikaitikia, mpira mkononi. Tukafika kwa shangazi yangu, akanimiminia chai. Nilipokuwa naipuliza, filimbi ikapiga hodi, ikaingia.

"Shikamoo mama. Huyu ametembea na mpira."

"Marahaba. Hatua ngapi?"

"Mama, ametoka nao uwanjani mpaka hapa kwako."

"Basi mwache amalize chai."

Ikaningoja.

Nilipoweka kikombe chini, kilitua juu ya mstari wa chokaa. Tulikuwa uwanjani tena. Kwa aibu nikakimbia bila kutazama mbele, nikamgonga mlinzi wa timu pinzani. Akaanguka. Alikuwa dada mrefu nisiyemfahamu, na jezi yake haikuwa na herufi yoyote ya nafasi kifuani. Goti lake likaanza kutoka damu.

Kanuni ya netiboli ni hii: ukimgonga mtu, mpira anapewa yeye, na wewe unasimama kando yake. Hufanyi lolote mpaka mpira utoke mikononi mwake. Nikasimama. Sikuweza kumtazama usoni, kwa hiyo nikalitazama goti. Goti nalo likanitazama.

"Naomba unitoe," nikainong'oneza filimbi. "Niende nyumbani, nisirudi tena kwenye timu."

"Kanuni haisemi uende nyumbani," ikajibu. "Inasema usimame karibu naye."

Mwenye mpira hupewa sekunde tatu za kurusha. Sekunde zenyewe zimekaa kwenye benchi: mama watatu wa umoja wa wanawake, wamevaa sare ya kitenge, wanachambua maharage. Kila mmoja anatakiwa ainuke aondoke kwa zamu yake. Hakuna anayeinuka.

"Akina mama, muda," inasema filimbi.

"Muda ndio sisi," anajibu wa kwanza. "Tunangoja mikono ya binti iache kutetemeka."

"Mbona mwenye mpira hatetemeki?"

"Siyo huyo. Huyo mwingine."

Filimbi ikakohoa. Mikono yangu ilichukua muda mrefu kutulia. Watazamaji wenye ng'ombe wakaenda kukamua, wakarudi na maziwa. Ndipo yule dada akageuka, akaniwekea mpira mikononi.

"Mimi si wa timu yako," nikamwambia.

"Najua, mdogo wangu."

"Ni mimi niliyekuangusha."

"Najua. Nilikuwepo."

Wenzake wakapiga kelele: "Refa! Amempa adui! Refa, we!"

Filimbi ikafikiri. "Kanuni inataka mpira utoke mikononi mwake. Umetoka. Haisemi asimpe nani." Kisha ikashusha sauti. "Kusema kweli, sina mlio wa jambo hili."

"Hiyo ni neema," akasema mama wa tatu bila kuinua macho kwenye maharage. "Wewe tulia tu."

Nikarusha. Nikakosa. Yule dada akauokota mpira, akanirudishia huku akichechemea. Nikarusha, nikakosa tena.

"Mimi niko huku," pete ya goli ikaniambia kwa upole.

Nikarusha mara nyingine, mpira ukaingia dirishani mwa kanisa. Akachechemea mpaka ndani, akatoka nao.

"Dada, huchoki?"

"Rusha, mdogo wangu. Unachelewesha maharage ya watu."

Badala ya kurusha nikauweka mpira chini. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikapiga magoti, nikamfunga lile goti. Hapo ndipo nilipomtazama usoni. Alikuwa anacheka, kama mtu aliyekuwa akisubiri jambo hilo tangu asubuhi. Nikauchukua mpira, nikarusha, nao ukiwa bado hewani mtu akanitikisa bega.

Alikuwa Bupe, amesimama kando ya kitanda na kanga begani.

"Dada Tusekile, ndiyo naenda kwa mwalimu. Nimwambie tumbo kweli? Tumbo ulilitumia mechi iliyopita. Labda niseme jino."

Nikajishika kichwa. Kitambaa kilikuwepo, lakini kimefungwa kwa mbele, nami siku zote hufunga kisogoni. Nikakifungua. Katikati palikuwa na doa dogo la damu, bado bichi.

Nikafunua shuka, nikayakagua magoti yangu. Yote mazima.

"Dada, nimwambie jino?"

"Usimwambie kitu," nikasema. "Nitafutie viatu vyangu."